Uwele wa Ndege na Uwele wa Watu: Safari ya Chakula cha Kwetu

SEHEMU YA 1: Nimezunguka soko zima

Leo sikuletei ratiba ya chanjo wala dalili za homa. Leo naomba tuongelee chakula cha kwenu. Nina maana kile chakula ambacho ulikikuta nyumbani ulipozaliwa, na ulipohamia mjini hukukiona tena.

Nianze na mimi mwenyewe. Nimezaliwa Ugogo, kijiji kimoja mkoa wa Dodoma. Nilihamia Dar es Salaam kikazi mwaka 2009, nikiwa na mtoto wa kwanza mgongoni, miezi mitano na siku kadhaa. Alipokaribia miezi sita nikaanza kuwaza atalishwa nini. Kichwani mwangu jibu lilikuwa moja tu: uji wa uwele, wenye karanga kidogo na unga wa ubuyu, kama nilivyolishwa mimi na wadogo zangu wote.

Basi bwana, siku ya mapumziko nikapanda daladala mpaka Kariakoo. Nikaulizia unga wa uwele duka la kwanza, wakanionesha unga wa ulezi. Duka la pili wakaniambia mtama upo, uwele ndio nini? La tatu, kijana akacheka: "Dada, unafuga njiwa?" Kumbe pale mjini uwele ulijulikana, ila kama chakula cha ndege. Upo kwenye magunia, una vumbi na mawe, unapimiwa wafugaji.

Jamani, nilijisikia vibaya. Chakula kilichonikuza kinauliziwa kama cha njiwa!

Nikaenda mpaka kwa wauza nafaka wa nje, wale wanaotandika chini. Kulikuwa na mama mtu mzima amekaa na mafungu yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Nilipotaja uwele akaniangalia usoni, halafu akasema neno moja tu: "Mbukwa!"

Kama wewe ni wa Dodoma unajua. Hiyo ni salamu yetu. Machozi yalinilengalenga katikati ya soko. Yule mama akanionesha gunia lililokuwa mbele: "Huu wa juu ni wa ndege, mwanangu. Wa watu nauficha." Akavuta mfuko mwingine kutoka nyuma yake, uwele umepepetwa, safi kabisa. Nikanunua kilo tatu.

Nilipofika nyumbani, jirani akachungulia sufuria yangu. "Huyo mtoto mnampa nini? Mbona uji mweusi hivyo? Mnunulie sembe nyeupe, mtoto wa nesi asile chakula cha shida."

Chakula cha shida. Hayo maneno yaliniuma, na ndiyo yaliyonifanya nianze kuuliza wazee na kusoma. Tuendelee.

SEHEMU YA 2: Hakuna chakula kilichoota hapo hapo

Wengi tunadhani mahindi ni ya kwetu tangu enzi na enzi, na uwele ni kitu cha porini tu. Ukweli ni tofauti.

Mahindi yalitoka Amerika. Wenyeji wa kule waliyalima maelfu ya miaka kabla meli za Wareno hazijaanza kuyasambaza, na pwani yetu yalifika kuanzia karne ya 16. Hata jina lenyewe linasema: watu wa pwani waliyaita mahindi kwa sababu waliyahesabu kuwa nafaka iliyokuja kwa bahari, ya Uhindini. Karanga nazo zilitoka Amerika ya Kusini. Muhogo vilevile. Ndizi zilitoka Asia ya kusini-mashariki, nazo zimekaa Afrika muda mrefu mno hata Mhaya na Mchaga hawawezi kuamini kwamba zilikuja.

Nafaka zilizozaliwa Afrika ndizo tunazozionea aibu. Mtama uliotokana na majani ya porini ulianza kulimwa maeneo ya Sudani zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Ulezi ni wa nyanda za juu za Afrika Mashariki, kuanzia Ethiopia hadi Uganda. Uwele ulianzia ukingo wa jangwa la Sahara, Afrika Magharibi, ukasafiri taratibu mkono kwa mkono mpaka kutufikia.

Kwa nini Wagogo walishika uwele na mtama? Kwa sababu Ugogo ni nchi kavu. Mvua ni msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na ikichelewa au ikikatika katikati mahindi yanakauka yakiwa bado mabichi. Uwele unavumilia. Mtama unajikunja jua likiwa kali, mvua ikirudi unaendelea. Bibi yangu alikuwa na usemi wake: hindi linalia, uwele unangoja.

Pamoja na nafaka hizo walikuwa na mlenda. Wanawake walichuma majani msimu wa mvua, wakayakausha juani, wakayatwanga na kuyahifadhi. Kiangazi kizima, miezi ambayo mboga mbichi haionekani, mlenda ule ukiwekewa karanga unashusha ugali bila shida. Walikuwa na maziwa ya kugandisha kwa sababu ni wafugaji. Na walikuwa na mibuyu, ambayo inasimama Dodoma nzima na haiombi maji kwa mtu.

Nchi hiyo kavu ilikuwa ikilisha wageni pia. Karne ya 19 njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikatiza Ugogo. Misafara ilikuja na mamia ya wapagazi, wakati mwingine zaidi, wamebeba pembe za ndovu, nguo na shanga. Watemi wa Kigogo walitoza hongo ili wapite, na wenyeji waliwauzia nafaka na maji. Wazungu waliopita njia hiyo, kama Burton na Speke mwaka 1857 na Stanley mwaka 1871, waliandika malalamiko mengi kuhusu hiyo hongo. Lakini hebu fikiria kama mama mwenye nyumba: watu mia tano wanapita shambani kwako wana njaa na kiu. Kama hukuwapangia utaratibu, watoto wako watakula nini?

Kumbuka hilo la wapagazi, mama. Tutalihitaji kwenye sehemu inayofuata.

SEHEMU YA 3: Mtunya, na jina la soko

Hii sehemu ni nzito kidogo. Kama unanyonyesha, nyonyesha kwanza halafu urudi.

Mwaka 1914 vita ya kwanza ya dunia ilianza, na Wajerumani waliotawala Tanganyika wakapigana na Waingereza kwenye ardhi yetu. Jeshi halili hewa. Wajerumani walichukua nafaka na ng'ombe Ugogo, na wanaume wakachukuliwa kubeba mizigo. Katikati ya mwaka 1916 majeshi ya upande wa Uingereza yaliingia Dodoma. Nayo yalihitaji chakula, nayo yalihitaji wapagazi. Wanaume waliotakiwa kulima walikuwa njiani na mizigo kichwani. Ghala zilibaki tupu. Halafu mvua zikakosekana.

Njaa iliyofuata, kati ya mwaka 1917 na 1920, Wagogo waliipa jina: Mtunya. Ni jina la kugombania, la kunyang'anyana. Wanahistoria waliofuatilia wanakadiria kwamba katika wilaya ya Dodoma, iliyokuwa na watu wapatao 150,000, walikufa kama 30,000. Ni mtu mmoja katika kila watano. Na katikati ya hayo, mwaka 1918, ikapita ile homa kali ya mafua iliyozunguka dunia nzima.

Mimi ni nesi, nikisoma namba hiyo nawaona watoto. Kwenye njaa wanaotangulia ni wa chini ya miaka mitano. Mama maziwa yanapungua, mtoto anaharisha, mwili hauna akiba.

Bibi yangu alizaliwa baada ya Mtunya, lakini alisimuliwa na mama yake. Alisema familia zilizopona ni zile zilizojua majani na mizizi ya porini, zilizokuwa na ndugu wa kukimbilia, na zilizofukia mbegu za uwele mahali ambapo mkono wa njaa haufiki. Mbegu! Yaani mtu ana njaa, watoto wanalia, na amefukia mbegu asizile ili mwakani kuwe na shamba. Kila aliponipa uji nikaringa kuumaliza, alinitajia hizo mbegu.

Sasa turudi Dar es Salaam. Waingereza walipouteka mji huo Septemba 1916, waliweka kambi ya wapagazi wao mahali fulani pembeni ya mji. Kikosi hicho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Watu wetu wakalitamka wanavyoweza: Kariakoo.

Ndiyo, mama. Kariakoo hiyo hiyo unayokwenda kununua vitenge na ndoo. Limebaki jina la wale waliobebeshwa mizigo ya vita, na wengi wao hawakurudi makwao. Soko lenyewe tunalolijua, lile jengo kubwa lililochorwa na msanifu wetu Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975, likaungua moto Julai 2021.

Mimi siku ile ya 2009 sikujua lolote kati ya haya. Nilikuwa nimesimama kwenye eneo lenye jina la wapagazi, natafuta nafaka ya watu ambao ghala zao zilikaushwa na vita ile ile, na nachekwa kwamba nafuga njiwa. Nilipokuja kujua nilikaa kimya siku nzima.

SEHEMU YA 4: Sembe ilishindaje?

Hapa wengi mtajiuliza: kama uwele ni hodari hivyo, mbona mjini kote ni sembe?

Kwanza ni reli. Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam, ikafika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, na Kigoma mwaka 1914. Treni ikarahisisha kuleta chakula Dodoma wakati wa upungufu, na chakula hicho kwa kawaida kilikuwa mahindi, maana ndiyo yaliyokuwa yanalimwa kwa wingi kwa ajili ya kuuzwa. Mahindi pia hayaliwi ovyo na ndege shambani, kwa sababu yana maganda yake. Uwele unahitaji mtoto au mama akae shambani kutwa anafukuza ndege. Watoto wakienda shule, nani atawinga? Mimi mwenyewe nimewinga ndege nikiwa na miaka sita. Ni kazi, usione mchezo.

Pili ni serikali na bei. Baada ya uhuru, Shirika la Taifa la Usagishaji lilianzishwa mwaka 1968, na sembe yake ikauzwa mijini kwa bei iliyopunguzwa kwa ruzuku. Mfanyakazi wa kiwanda Dar es Salaam, awe Mgogo, Mhehe au Mmakonde, akala unga mmoja. Ukame wa miaka ya 1973 na 1974 ulipoleta upungufu nchi nzima, ikaja kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Wazazi wetu wanakumbuka pia miaka migumu ya mwanzoni mwa 1980, foleni za unga, na ule unga wa njano wa msaada ambao watu waliuita yanga. Ruzuku ya sembe iliondolewa mwaka 1984, lakini mdomo wa mjini ulikuwa umeshazoea. Ugali ukawa maana yake ni mahindi, na mahindi yawe meupe pe.

Tatu ni sisi wenyewe, na aibu zetu. Weupe wa unga tukaufanya dalili ya maendeleo. Kumbe ili sembe iwe nyeupe, mashine inakoboa ganda na kiini. Kwenye kiini na ganda ndiko kwenye mafuta, vitamini za kundi B na sehemu kubwa ya madini ya chuma. Pumba tunampa kuku. Kuku anapata virutubisho, mtoto anapata wanga. Ndege anakula uwele, mtoto anakula uji mweupe wenye sukari. Hebu tujiulize, hapo mwerevu ni nani?

SEHEMU YA 5: Kadi ya mtoto mmoja

Sitataja kituo wala mwaka. Alikuja mama mmoja kliniki, binti mdogo, mzaliwa wa mikoa ya kati kama mimi. Mtoto wake miezi tisa. Nikaangalia kadi: mstari ulipanda vizuri mpaka mwezi wa sita, halafu ukalala. Mwezi wa saba, wa nane, wa tisa, uzito ule ule.

Nikamuuliza anakula nini. Uji wa sembe, mwepesi, upite kwenye chupa, na sukari. Mara mbili kwa siku. Nikamuuliza, wewe kwenu mlilishwa nini? Akainama, akasema kwa sauti ndogo: "Uji wa uwele na karanga, nesi. Lakini huku haupatikani. Na nilidhani mtanisema."

Mtanisema. Yaani binti alikuwa na jibu kichwani, alirithishwa na mama yake, akalificha kwa kutuogopa sisi wenye gauni jeupe. Nilijiona mimi na jirani yangu wa 2009. Sikumsema. Nilimwelekeza kwa yule mama wa Kariakoo, na tukapanga chakula upya. Ilichukua muda, mwezi wa kwanza mstari ulinyanyuka kidogo tu, lakini ulinyanyuka. Baadaye alinijia kliniki anatabasamu, amebeba na mlenda wa unga ndani ya kikopo kwa ajili yangu.

Sasa sikia haya ya nesi, uyaandike:

Mtoto aanze chakula cha nyongeza akitimiza miezi sita, na kunyonya kuendelee mpaka miaka miwili au zaidi. Miezi 6 hadi 8 ale mara mbili hadi tatu kwa siku. Kuanzia miezi 9, mara tatu hadi nne, na kitafunwa katikati.

Uji usiwe maji. Uinue kijiko, uji ukidondoka kama chai, hapo umempa maji ya moto yenye rangi.

Wazee wetu walijua dawa ya uji mzito: kimea. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, iliwahi kufanyia utafiti kimea hicho hicho cha vijijini miaka ya 1980 ikaona kinafaa kwa watoto. Loweka ulezi usiku mmoja, uache uchipue siku mbili tatu kwenye kitambaa safi chenye unyevu, uanike ukauke kabisa, usugue uondoe vichipukizi, usage. Pika uji mzito, uupoze kidogo, koroga kijiko kimoja cha kimea. Utaona uji unalainika bila kuongeza maji. Rudisha jikoni uchemke tena vizuri, ndipo umpe mtoto. Tumbo lake ni dogo, kwa njia hii kila kijiko kinakuwa na chakula ndani.

Unga wa ubuyu ule mweupe wa asili, siyo ule mwekundu wa sukari, una vitamini C, nayo inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye nafaka. Utie mwishoni, uji ukishashuka.

Na jambo hili usilipuuze: chakula cha nyumbani siyo salama kwa sababu tu kimetoka nyumbani. Mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara waliugua, na wengine wakafa, kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi waliyovuna wenyewe. Karanga nazo zinashika sana sumu hiyo. Haionekani wala haifi kwa kuchemsha. Mama akikutumia kifurushi kwa basi, fungua, chambua. Punje iliyovunda, iliyosinyaa au yenye ukungu tupa, usimpe hata kuku. Hifadhi pakavu, juu ya kichanja.

SEHEMU YA MWISHO: Na wewe uliyehamia Dodoma

Najua wasomaji wangu wengine safari yenu imekuwa kinyume na yangu. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, lakini serikali ilianza kuhama kwa kasi mwaka 2016, na familia nyingi za Dar, Tanga na Pwani zikajikuta huku. Mnaniandikia: nesi, nazi Dodoma ghali, samaki wabichi wa bahari hawapatikani, mtoto amezoea mchuzi wa nazi. Poleni. Sasa mnajua nilivyojisikia Kariakoo.

Ushauri wangu ni ule ule. Nenda Soko la Majengo, usitafute duka, tafuta mtu. Sikiliza lafudhi. Msalimie. Mtu wa kwenu akikusikia atakuvutia mfuko wa nyuma. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, safari ya msafara iliyochukua majuma sasa ni ya saa chache, nazi zinaweza kupanda na uwele ukashuka.

Na wakati unangoja nazi, jaribu mlenda wa mwenyeji wako. Mwombe akufundishe. Hizo karanga, mahindi na ndizi tunazozililia nazo zilikuja zikiwa ngeni, mama fulani akazionja, akampa mtoto.

Leo usiku, kabla hujalala, mpigie mama yako au bibi kama bado yupo. Muulize swali moja: "Mimi nilipoanza kula, ulinilisha nini, na ulikitengenezaje?" Andika anavyosema, hata kama unadhani unajua. Yule bibi wa Mtunya alifukia mbegu asizile. Sisi tunaombwa kuandika tu.

Ukishaandika njoo uniambie umetokea wapi na ulilishwa nini. Na kama kadi ya mtoto mstari umelala, usiningoje mimi hapa. Kesho asubuhi mpeleke kliniki, na ukifika, sema ukweli anachokula. Hatutakusema.

Mbukwenyi, mama zangu. Usiku mwema.